Sekunde Mbili na Nusu: Namna ya Kumpima Kwotabeki Anayetoka Chuoni

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Wengi wetu humu tumekulia kwenye mpira wa miguu, na tulipoanza kuutazama mpira wa Kimarekani tulidhani kwamba kwotabeki ni mtu mwenye kazi ya kurusha mpira mbali. Hatukuwa peke yetu. Mwaka 2007 klabu ya Oakland Raiders ilimchukua JaMarcus Russell wa Chuo Kikuu cha Louisiana State awe wa kwanza kabisa katika drafti, yaani ule mgawo wa kila mwaka ambamo klabu za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, hupokezana zamu za kuchagua vijana wa vyuoni. Mkono wake ulikuwa wa kustaajabisha, lakini baada ya misimu mitatu aliachwa, wala hakucheza tena mechi ya ligi hiyo. Miaka saba kabla yake, Tom Brady wa Michigan alichaguliwa wa 199, makwotabeki sita wakiwa wametangulia, baada ya kukimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa mtu anayekimbilia daladala akiwa na mzigo. Brady alistaafu akiwa na mataji saba ya Super Bowl, fainali ya ligi hiyo.

Wako wanaosimuliwa habari hizo mbili wakahitimisha kwamba uchaguzi huu ni bahati nasibu. Mimi sikubaliani nao. Ninaloamini ni kwamba mchezo wa chuo humwezesha kwotabeki kung'ara bila kulifanya tendo ambalo mchezo wa kulipwa utamdai kila Jumapili, na kwa hiyo mpimaji hana budi kulisaka tendo hilo katika mikanda ya mechi, hata ikiwa limejitokeza mara chache tu msimu mzima.

Tendo lenyewe ni hili. Senta, mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele, anaupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, kwotabeki anaupokea na kurudi hatua tano, na kuanzia hapo ana takriban sekunde mbili na nusu. Anamtazama mpokeaji wa kwanza, anakuta amebanwa. Anageuza macho kwa wa pili, na miguu lazima igeuke pamoja na macho, kwa maana pasi inayorushwa huku nyonga zikielekea kwingine huenda juu au huchelewa. Wakati huohuo mtu wa kilo zaidi ya 100 anamjia kutoka ubavu asiouona. Mpokeaji wa pili bado hajageuka, ila nafasi aliyoikusudia itafunguka kitambo kidogo baadaye, kati ya mabeki wawili, na mpira unapaswa kuondoka mkononi sasa, kuelekea mahali ambapo hakuna mtu. Akisubiri amwone mwenzake yuko wazi, amekwisha kuchelewa.

Chuoni anaweza kulikwepa jambo hilo kwa sababu zilizomo katika sheria na vipimo vya uwanja wenyewe. Mistari midogo inayoonyesha mpira uanzie wapi imeachana futi 40 katika uwanja wa chuo, ilhali katika NFL imeachana futi 18 na inchi 6 tu. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa pembeni chuoni, upande mmoja hubaki na futi 100 za uwanja mtupu, na mpokeaji mwenye mbio huko ni vigumu kufunikwa. Isitoshe, walinzi wa kwotabeki wa chuoni wanaruhusiwa kusogea mbele yadi tatu kabla ya pasi, na wa NFL yadi moja, jambo linalofanya iwe rahisi zaidi chuoni kumhadaa beki asijue kama mpira utabebwa au utarushwa. Tena, kabla ya redio za kofia kuruhusiwa katika daraja la juu la vyuo mwaka 2024, timu nyingi za vyuo zilitazama pembeni kupokea ishara, na kocha ndiye aliyeusoma ulinzi wa wapinzani kwa niaba ya kijana. Akifika NFL, redio iliyomo ndani ya kofia yake hukatika ile saa inayohesabu muda wa kuanza kila shambulizi ikibakiza sekunde 15, na kuanzia hapo hakuna wa kumsaidia.

Ndiyo maana siuthamini sana ule mwaliko wa kila majira ya kuchipua, ambapo kijana huwaonyesha maskauti, yaani wasaka vipaji wa klabu, pasi zake akiwa amevaa kaptura, bila adui hata mmoja uwanjani. Mwaka 2021, katika onyesho la namna hiyo, Zach Wilson wa Brigham Young alikimbilia kushoto, akajipinda, akautupa mpira mbali mno kinyume na mwelekeo wa mwili wake, na pasi ile ikasambaa kila mahali. New York Jets walimchukua wa pili. Katika msimu wake wa kwanza alirusha pasi 9 za tachidauni, yaani zilizofikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, na 11 zikanaswa na wapinzani. Chema chajiuza, walisema wahenga, na nusu ya pili ya methali hiyo mnaijua.

Kwenye mikanda mimi huanza na jaribio la tatu kati ya manne ya kuusogeza mpira, ambapo timu inahitaji yadi nane au zaidi, kwa sababu hapo kila mtu uwanjani anajua kwamba pasi inakuja. Kisha huhesabu jambo moja: akibanwa, ni mara ngapi anaangushwa akiwa bado na mpira mkononi? Watu hupenda kuwalaumu walinzi wake, lakini tabia hii humfuata kijana kutoka chuoni hadi NFL zaidi ya takwimu nyingi zinazosifiwa, kwani ni tabia ya macho yake na uamuzi wake.

Drafti hiyohiyo ya 2021 ilitupa mfano ulio bora kuliko nadharia yangu. San Francisco 49ers waliikabidhi Miami haki zao tatu za raundi ya kwanza na nyongeza ya raundi ya tatu ili wapande hadi nafasi ya tatu na kumpata Trey Lance wa North Dakota State. Alikuwa na mbio na mkono, na mwaka 2019 alirusha pasi 28 za tachidauni bila hata moja kunaswa. Lakini alikuwa ameanza mechi 17 tu chuoni, moja tu kati ya hizo ikiwa ya mwaka 2020. Mwaka 2022 klabu ileile, kwa zamu ya 262 iliyokuwa ya mwisho kabisa, ilimwokota Brock Purdy wa Iowa State, mfupi kidogo na mkono wa kawaida, lakini mwenye miaka minne ya kubanwa, kukosea na kurekebisha. Lance alivunjika kifundo cha mguu mwezi Septemba, naye Purdy akaingia Desemba baada ya Jimmy Garoppolo kuumia. Februari 2024 Purdy alikuwa katika Super Bowl, na Lance alikuwa amehamia klabu ya Dallas. Sisemi kwamba Lance hakuwa na kipaji. Jeraha halikumtendea haki. Nasema kwamba mechi 17 hazikumpa mpimaji mahali pa kutosha pa kuangalia.

Yuko mmoja anayenisumbua, nami sitamficha. Josh Allen wa Wyoming alifikisha asilimia 56.2 tu ya pasi zake chuoni, na ningemkataa. Buffalo Bills walimchukua wa saba mwaka 2018. Mwaka wa kwanza alipata asilimia 52.8, nami nikajipongeza. Kufikia 2020, akiwa na mratibu yuleyule wa mashambulizi, Brian Daboll, na mpokeaji mpya Stefon Diggs, alifika asilimia 69.2, na tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa 2024 ikawa yake. Miguu yake ilifundishika. Sam Darnold, aliyetangulia mbele yake katika drafti hiyo, hakufaulu Jets, ila mwaka 2024 aliiongoza Minnesota kushinda mechi 14. Patrick Mahomes naye, aliyekuja kutwaa Super Bowl, alikaa akiba nyuma ya Alex Smith karibu msimu mzima wa 2017 pale Kansas City. Kwa hiyo anayeniuliza kama kijana fulani atafaulu, mimi humwuliza kwanza kijana huyo anakwenda klabu gani.

Zipo klabu ambazo humfundisha kijana mpango mmoja wa shambulizi asubuhi, kisha humzungumzisha mambo mengine kwa muda mrefu, na baadaye, bila kumwonya, humpa kalamu aende ubaoni. Ningekuwa katika chumba hicho, ningetazama anaanza kuchora nini. Akimchora mpokeaji wa kwanza na kuiweka kalamu chini, ningemwuliza, “Huyu akibanwa, je?” Kisha ningenyamaza.