Route 66 na Watu Waliosimama Njiani

Asanteni sana. Karibuni, na wale wa nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo. Pale nje nimeona lori tatu za semi zimeegeshwa, kwa hiyo najua leo nazungumza na watu wa barabara. Wengine humu mnaijua I-40, ile barabara kuu ya Marekani, kuliko njia ya kwenda kwa wakwe zenu. Mnaondoka Oklahoma City, mnapita Amarillo, Albuquerque, Flagstaff, mnashukia Barstow, na mkiulizwa mmeona nini njiani, mnasema mmeona upepo. (Kicheko.)

Sasa, nyote mmeshaiona ile barabara ndogo iliyo ng'ambo ya uzio. Lami yake imepasuka, inakwenda nanyi sambamba kilomita kadhaa, halafu inapotelea majanini. Ile ndiyo Route 66, barabara kuu ya zamani kutoka Chicago hadi Los Angeles. Novemba 2026 ni miaka 100 tangu ianzishwe, na ndiyo maana miji mingi ya huko imekuwa ikipaka rangi kuta na kufufua taa za neoni zilizozimika zamani.

Watu huieleza kama barabara ya safari. Mimi nadhani ni barabara ya kusimama, na nitawaambia kwa nini.

Mzee aliyeitwa Cyrus Avery, mfanyabiashara wa Tulsa, alikuwa kwenye kamati iliyopanga mtandao wa barabara kuu za taifa. Akahakikisha njia ya Chicago kwenda Los Angeles inapinda na kupita Oklahoma, mjini kwao hasa, ambako alikuwa na sheli na mgahawa kando ya njia. Msimcheke, nanyi mngefanya vilevile! Aliitaka namba 60. Gavana wa Kentucky akakataa, maana namba zinazoishia na sifuri zilikuwa za heshima na jimbo lake halikupata hata moja. Mvutano ukaisha tarehe 30 Aprili 1926 mjini Springfield, Missouri, kwa simu ya maandishi kwenda Washington: basi, tupeni 66.

Kilomita zipatazo 3,900, majimbo 8. Kansas iliambulia kilomita 21 tu. Lami ilikamilika mwaka 1938, na kabla ya hapo familia za wakulima waliokimbia ukame na vumbi walikuwa wameshapita humo kwa maelfu kuelekea California, magodoro yamefungwa juu ya gari. Gari za siku zile zilichemka, tairi zilipasuka, watoto walilia njaa. Kila baada ya mwendo mfupi lazima usimame. Aliyekuwa na shamba kando ya njia akaweka pampu ya mafuta, mkewe akapika, na kwa nyuma wakajenga vibanda vya kulala. Miji mizima ikaishi kwa gari bovu la mtu mwingine.

Lakini si kila mtu aliruhusiwa kusimama, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mwaka 1946 Nat King Cole alirekodi wimbo maarufu wa kuisifia barabara hii, unaotaja miji yake mmoja baada ya mwingine. Mtu mweusi aliyeufuata wimbo ule kama ramani angepita miji mingi ambayo hotel zake zisingempokea. Ilikuwapo miji ambayo jua likizama, mweusi asionekane. Ndiyo maana tangu mwaka 1936 Victor Hugo Green, tarishi wa posta aliyeishi Harlem, alichapisha kitabu cha mwongozo kilichoonyesha nyumba zinazompokea msafiri mweusi. Nje ya hapo ulibeba chakula chako na dumu la mafuta, ukaendesha usiku kucha.

Karibu na Luther, mashariki ya Oklahoma City, kuna sheli ndogo ya mawe iliyojengwa na familia ya Threatt, familia ya Weusi, kwenye ardhi yao wenyewe. Ukiitazama haraka utadhani ni nyumba ya mtu: paa la mteremko, kibaraza, basi. Mwaka 2021 iliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi. Kwangu mimi, kijengo kile kinaeleza barabara hii kuliko gari 10 za Cadillac zilizofukiwa vichwa chini nje ya Amarillo, ingawa kila mtu hupiga picha na zile Cadillac.

Mwaka 1956 ikaja sheria ya barabara kuu mpya, zile zenu. Hazikuifuta Route 66 kwa siku moja. Ziliukwepa mji mmoja, kisha mwingine. Huko Seligman, Arizona, I-40 ilifunguliwa tarehe 22 Septemba 1978, na magari yakatoweka siku hiyohiyo. Hayakwenda mbali, jamani! Yalikuwa yanasikika. Hayakuwa tu na sababu ya kusimama. Mwaka 1984 Williams, mji wa mwisho, nao ukakwepwa, na mwaka 1985 namba 66 ikafutwa rasmi.

Hapo Seligman alikuwapo kinyozi, Angel Delgadillo, aliyezaliwa palepale mwaka 1927. Kinyozi husikia kila kitu, naye miaka ile alisikia watu wakiaga. Mwaka 1987 akaita kikao cha wenyeji, wakaanzisha chama, wakaibana serikali ya jimbo mpaka ikaitambua barabara kuwa ya kihistoria. Majimbo mengine yakafuata. Wizara haikuwa na habari. Alianza mwenye mkasi.

Habari za sasa ni mchanganyiko. Albuquerque, moteli ya El Vado ya mwaka 1937 ilikuwa imefungwa, manispaa ikainunua, na mwaka 2018 ikapokea wageni tena. Glenrio, mpakani mwa Texas na New Mexico, haikupata bahati hiyo. Bango la moteli yake lilikuwa likikukaribisha kama ya kwanza Texas ukiingia na kukuaga kama ya mwisho ukitoka. Leo huingii wala hutoki.

Kwa hiyo nanyi mkipita Arizona, mkiona njia ya kutokea namba 121 au 123, ya kwenda Seligman, shukeni. Nduguye kinyozi, Juan, alijenga hapo mgahawa mwaka 1953 kwa mbao chakavu za reli, akauita Snow Cap, na kwenye orodha ya vyakula akaandika kwamba anauza kuku mfu. Nilipofika nilishika kitasa cha mlango nikavuta, nikazungusha, nikasukuma, na nyuma yangu watu watano wakinisubiri kwa adabu. Mlango una vitasa viwili, kimoja ni cha uongo. Sitawaambia ni kipi.