Mji Mkubwa Uanze Ng'ambo Yake

Haji: Assalamu aleikum wasikilizaji wetu, Unguja, Pemba na kwengineko. Bi Asha karudi safari, alikuwa Chicago kwa mdogo wake. Karibu nyumbani, Bi Asha.

Asha: Waaleikumu salaam, nimekaribia. Na nina neno nataka kulisema mapema: anaekwenda kutembea mji mkubwa asianzie kwenye majumba marefu.

Haji: Na Chicago ndio penyewe pa majumba marefu!

Asha: Nimeyaona. Willis Tower ina ghorofa 110, unapanda mpaka ya 103, pana kibaraza cha kioo unatazama barabara chini ya nyayo zako. Nimepanda na boti mtoni. Mwaka 1900 waliugeuza mto ule, badala ya kuingia ziwani ukawa unatoka, ili uchafu usende kwenye maji wanayokunywa. Kazi kubwa, mashaallah. Lakini jioni unarudi hujamjua mtu. Mji ule nimeanza kuufahamu nilipopanda treni kwenda South Side.

Haji: Tufahamishe, ni upande gani huo?

Asha: Ndiyo Ng'ambo yao, kama mitaa yetu ya nje ya Mji Mkongwe. Sisi mgeni tunampeleka Forodhani, tunampeleka Ngome Kongwe, basi. Taarabu ya Kiswahili imekulia wapi? Mwimbaji Siti binti Saad kazaliwa Fumba, kaja mjini mtu mzima anauza vyungu, akakaa Ng'ambo. Mwaka 1928 akenda kurikodi Bombay. Sasa Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani, naye mtu wa shamba, katoka kwenye mapamba ya Mississippi, akapanda treni kuja Chicago mwaka 1943. Na hakuwa peke yake. Watu weusi kwa malaki walihama kusini wakikimbia ubaguzi na dhiki, wakitafuta kazi za viwandani na machinjioni. Wakarundikwa South Side, maana mitaa mingi mengine hawakukubaliwa kupanga wala kununua.

Haji: Kwa hiyo bluzi imetoka shamba na watu wake.

Asha: Na mji ukaibadilisha. Kule mtu alikaa barazani na gitaa lake la mbao, akasikika. Sasa baa ya Chicago Jumamosi usiku, watu washalipwa mishahara, wanazungumza, wanacheka, nani atalisikia gitaa hilo? Akashika la umeme. Akaweka ngoma, piano, na harmonika inapulizwa ndani ya maikrofoni. Nimekwenda mpaka jengo la Chess Records, kampuni ya muziki, walikorikodi akina Muddy Waters, namba 2120 South Michigan Avenue. Dogo, ghorofa mbili, ukipita haraka hulioni. Kundi la Rolling Stones walitoka Uingereza mwaka 1964 wakaja kurikodi hapo, kwa mapenzi ya muziki wa wazee hawa.

Haji: Mimi mpiga fidla, nataka usiku wenyewe. Muziki unapigwa mbele yako.

Asha: Nilikwenda Kingston Mines, ukumbi wa bluzi. Majukwaa mawili: kundi hili likipumzika, jengine lishaanza, wewe unahama kiti tu. Pombe inauzwa, nisifiche, na aliye chini ya miaka 21 haingii. Mimi nilikaa na soda yangu, hakuna aliyeniuliza kitu.

Haji: Ukasikia nini?

Asha: Mwimbaji anatoa mstari, kisha anaurudia uleule, halafu ndio unakuja wa tatu kuujibu. Haji, ule wa pili ndio uliyonishika. Maneno hayakubadilika hata moja, lakini mara ya kwanza alikuwa anatwambia habari, mara ya pili yanamuuma. Na gitaa halimwingilii. Linangoja amalize, kisha linasema la kwake.

Haji: Hiyo ndiyo kazi ya fidla! Ubeti ukiisha tunamjibu mwimbaji, lakini usimkanyage. Wapigaji wengi vidole wanavyo, masikio ndiyo shida. Na gitaa peke yake walilipa nafasi?

Asha: Wacha! Wenziwe wote wakashusha sauti, akapiga peke yake muda mrefu kama taksimu, pale mpiga kanuni, kile chombo chetu cha nyuzi, anapoachiwa apige peke yake. Ukumbi mzima ukanyamaza. Nilitamani kuinuka nikamtunze.

Haji: Ulikwenda?

Asha: Ipo ndoo pale mbele, nikatia. Wao hawachezi na noti kumwendea mwimbaji kama sisi, lakini ukiwa umefurahi usiipite ndoo ile. Na asiyekuwa na cha kiingilio aende Juni, kuna Chicago Blues Festival, tangu mwaka 1984, bure kabisa. Siku hizi iko Millennium Park. Hapo majumba marefu yatazame utakavyo, muziki wa waliohamia mji ule unapigwa mbele yako.

Haji: Unanipa uchungu. Hapa kundi la taarabu la Ikhwani Safaa lipo tangu 1905, na mgeni anakaa wiki nzima anaondoka hajaisikia kanuni hata mara moja.

Asha: Kwa sababu hatumpeleki! Tunamuonesha milango na kasa. Mpeleke mazoezini, mkalishe nyuma ya wapiga fidla, mfasirie beti mbili tatu.

Haji: Basi kundi letu linafanya mazoezi kila Jumatano baada ya sala ya Isha. Mwenye mgeni aje naye, viti vipo.