Kuchoma si Kunakili

Marahaba, marahaba, kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, feni ya huku ndiyo inayozunguka.

Nimeambiwa nizungumzie kuandaa diski ya kupigia Windows au Linux, yaani ya kuingizia mfumo unaoendesha kompyuta. Wengine mmeshanisikia dukani nikililalamikia jambo hili. Mnivumilie, nalalamika tena. Mtu wa Mtwara ukimwambia "choma", akili inakwenda kwenye korosho na mihogo. Ukimpa faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, na DVD tupu, analiburuta faili, analidondosha kwenye DVD, anangoja, anakwambia amechoma. Hajachoma. Amenakili.

Mwalimu mmoja alishuka na basi kutoka Newala na DVD saba ndani ya bahasha ya kaki. Saba! Kompyuta ya shule imezikataa zote, na yeye kashaamini mashine imekufa. Nikaichukua ya kwanza, nikaifungua kwenye kompyuta yangu. Ndani kuna faili moja tu, mwisho wake nukta iso. Ya pili, vilevile. Ya tatu sikuhangaika nayo. Nikamuuliza, "Mwalimu, ukilitumbukiza gunia zima la korosho kwenye kikaango, kamba na yote, umekaanga nini?" Akacheka, lakini nauli ilikuwa imeshaliwa.

Sasa yuko mjanja hapo anasema: basi mimi nitalifungua hilo faili, nitoe vilivyomo, nivichome hivyo. Nilikuwa nakusubiri wewe! Wewe ndiye unayenichosha zaidi, maana diski yako tukiifungua tunaona mafolda yote, yamekaa vizuri, na bado haiwashi kitu. Kompyuta ya zamani inapowaka haina habari na mafolda yako. Ni mgeni aliyeshuka stendi ya Mkanaledi usiku, hana jina la mwenyeji wala namba ya simu. Ameambiwa neno moja tu: nenda nyumba ya 17. Diski imekatwa vipande vya baiti 2,048 kila kimoja, na hesabu inaanzia sifuri. Kipande cha 16 kinaeleza diski yenyewe. Cha 17 ndicho kinachoelekeza programu ya kuwashia iko wapi. Utaratibu huo unaitwa El Torito, wa mwaka 1995, wameuandika watu wa kampuni za Phoenix na IBM. Ukivitoa vitu kwenye ISO ukavichoma kama faili za kawaida, nyumba ya 17 haina mtu. Mgeni anabisha hodi, kimya, anarudi zake kwenye diski kuu ya ndani ya kompyuta, na Windows ileile mbovu inafunguka.

ISO haifunguliwi wala hainakiliwi. Inahamishwa kipande kwa kipande, kila kimoja mahali pake. Kuanzia Windows 7 unabofya kulia juu ya faili, unachagua "Burn disc image", basi. Kwenye Linux zipo programu za kuchomea: ipo K3b, ipo Brasero.

"Mzee, flashi zipo, DVD za nini?" Hilo nalo naulizwa kila siku. Haya, zipo kompyuta za ofisini hapa mjini ambazo DVD zinasoma, ila BIOS yake, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, flashi haitaki hata kuiona. Tena flashi ikizunguka mashine tatu inakurudia na virusi, lakini DVD-R ukishaichoma ukaifunga, hakuna wa kuiandika tena. Na hao wa flashi, mnajua wanafanya nini? Wanaibandika ISO nzima kwenye flashi, wanakaa wanangoja iwake! Ugonjwa uleule.

Mengine nayapitia mbio, naona mwenye ukumbi anatazama saa. CD inabeba MB 700, DVD ya kawaida GB 4.7. Ubuntu za karibuni, hiyo ni Linux ya aina moja, zimevuka hapo, kwa hiyo chukueni Debian ya netinst, Linux nyingine yenye faili dogo, mengine inayavuta mtandaoni. Spidi ya kuchoma ipunguzeni. Kabla ya kuchoma, linganisheni zile tarakimu na herufi 64 za SHA-256, alama ya kuhakikishia faili limefika zima, na zilizoandikwa kwenye tovuti, maana bando likikata katikati mnaweza kubaki na faili pungufu lenye jina kamili. Hilo nilitaka kulionyesha taratibu, basi tena. Menyu ya kuchagua diski ya kuwashia mashine ni F12 kwa mashine nyingi, nyingine F9, nyingine Esc, jaribuni.

Nani amekuja na laptopu yenye sehemu ya kuwekea DVD? Wewe binti, ilete hapa. Na chaja yake, umeme wetu mnaujua.