Gesi ilijikusanyaje ikawa nyota za kwanza: jaribu mwenyewe na pampu ya baiskeli na chupa ya maji

Haya wapendwa karibuni, leo tuko uani hapa Ngamiani, Tanga, mpwa wangu ndo kashika simu, na swali letu ni hili, gesi iliyotapakaa ulimwengu mzima ilijikusanyaje mpaka ikawa nyota? Andaa beseni, fulana kuukuu inayovutika, jiwe, choroko, pampu ya baiskeli, chupa tupu ya plastiki, maji ya moto na ndoo ya maji yenye barafu.

Hatua ya kwanza, fasta tu. Funika beseni na fulana, ivute ikaze, funga na mpira wa tyubu, mwaga choroko. Si unaona zimetawanyika kila mahali? Ndo gesi ilivyokuwa, miaka kama 380,000 baada ya mlipuko mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, hidrojeni na heliamu karibu yote, na sehemu moja ikizidi nyingine msongamano basi ni kama 1 kwa 100,000. Weka jiwe katikati, gonga ukingo kidogo. Choroko zinalifuata. Jiwe ni maada giza, hatuioni ila uzito wake ni kama mara 5 ya ule wa maada ya kawaida, yenyewe ikajirundika kwanza gesi ikafuata.

Wengi wakifika hapa wanadhani kazi imekwisha, bado! Hatua ya pili, chukua pampu, ziba tundu na kidole, sukuma harakaharaka mara 20, sasa shika kule chini. Moto eeh? Gesi ukiibana inapata joto, na ikipata joto inasukuma itoke. Na kule ilikuwa hivyohivyo, inaanguka, inabanana, inachemka, inagoma kushuka zaidi.

Hatua ya tatu, hapa tulia na mimi maana ndo napopapenda kuliko pote. Tia maji ya moto kwenye chupa (yasiwe yanatokota, na watoto muwe na mtu mzima), tikisa, mwaga yote, funga kifuniko chapchap, zamisha kwenye barafu... umesikia hiyo? Imejikunja yenyewe! Joto limetoka, kilichokuwa kinashindana na mbano kimeisha nguvu. Hapa kinachobana ni hewa ya nje, kule ni mvutano wa gesi yenyewe pamoja na maada giza, lakini jambo ni moja, gesi isipopata pa kutolea joto haijikusanyi.

Sasa kule barafu ilitoka wapi? Atomu za hidrojeni zikiwa peke yake, joto likishuka chini ya nyuzi kama 8,000 hazina tena njia nzuri ya kulitoa. Ila chache mno zilishikana mbilimbili zikawa molekuli, na molekuli ikigongwa inazunguka, halafu inatoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaokimbia na joto lile nje. Jamani, vitu vichache hivyo ndo vilifungua mlango! Gesi ikapoa mpaka kama nyuzi 70 chini ya sifuri, ambayo kwa mambo ya nyota sio baridi sana, kwa hiyo mabonge ya gesi yalibaki makubwa, na ndo maana nyota za kwanza zinadhaniwa zilikuwa na uzito wa majua makumi hadi mamia.

Hatua ya nne, rudia chupa ila izamishe kwenye maji ya moto. Haijikunji. Wanasayansi wanafikiri kuna sehemu mionzi ya nyota za jirani ilivunja molekuli, gesi ikabaki na joto la maelfu ya nyuzi, haikukatika vipande, mwishowe kitu cha uzito wa majua kama 100,000 kikaporomoka chote kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Jambo hili bado linachunguzwa, lakini mwaka 2017 lilitangazwa shimo jeusi la uzito wa majua milioni 800 lililokuwepo ulimwengu ukiwa na miaka milioni 690 tu, na kukua hivyo kutoka shimo dogo lililoachwa na nyota moja ni kazi ngumu mno.

Ya mwisho sio ya uani. Mwezi wa kwanza baada ya isha nenda pwani ya Raskazone hapahapa Tanga, tazama mashariki baharini, tafuta nyota 3 za Jabari (kundi la nyota la Orion) zilizopangana mstari. Upande wa kulia kuna doa lenye ukungu, pale kuna gesi inayojikusanya kuwa nyota saa hizi, yenyewe ina vumbi na kaboni za kuipoza kwa hiyo inashuka mpaka chini ya nyuzi 250 hasi. Zima simu kabisa, yape macho dakika 20 yazoee giza, na kama una darubini ya mkononi njoo nayo.