Gari Limetoka Wapi?
Mhadhara kwa madereva na waosha magari ya kambi, Arusha

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wadogo zangu mnaoshika mpira wa maji tangu alfajiri, hamjambo. Leo sitaanza na sabuni. Nitaanza na swali ambalo nataka liulizwe kila gari linapoingia uwani, kabla mtu hajagusa ndoo: limetoka wapi?

Magari yenyewe mnayajua. Ni zile Land Cruiser zenye hema juu ya keria, mgeni anakodi, anaendesha mwenyewe, analala humo humo wiki mbili au tatu. Gari la namna hiyo ni nyumba. Lina turubai, zipu, ngazi ya alumini, paa la faiba, na mipira kila ukingo. Haliwezi kuoshwa kama daladala.

Chukueni lililotoka Ziwa Natron. Ule weupe unaoganda ndani ya madigadi msiuite vumbi. Ni magadi, jamaa ya yale mama anayotia kwenye maharage yaive upesi. Maji ya ziwa lile pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inapita 10. Yakikauka kwenye chesisi hamuoni kitu, lakini usiku unyevu ukishuka magadi yanalowa upya, na kutu inapata chakula. Alumini ndiyo haiwezi kabisa mbele ya magadi. Pitisheni mkono kwenye ngazi ya hema ambayo haikusuuzwa: mtakuta vidoa vyeupe vinavyokwaruza, na ukivikwangua chini yake pana vishimo. Vishimo hivyo havizibiki tena.

Dawa yake ni maji matupu, mengi, kuanzia chini. Ingizeni mpira kwenye matundu ya chesisi, maana tope la magadi hujificha humo ndani. Sasa shikeni hili: kingeni kwa vidole maji yanayochuruzika. Yakiteleza kama sabuni, na sabuni hujatia, magadi bado yamo. Endelea mpaka vidole vikwame. Hapo ndipo ulete shampuu.

Gari la Ndutu na nyanda za kusini mwa Serengeti lina habari nyingine. Udongo wa kule ni majivu ya volkano, ya Ol Doinyo Lengai na milima jirani iliyokwisha kuzimika. Chembe zake zina kingo kali. Na ile vanishi ya juu ya rangi, inayong'aa, unene wake ni kama mikroni 40 au 50, nyembamba kuliko unywele. Fikirini basi tambara kavu linapopita hapo na vumbi lile katikati. Niliwahi kufanya hivyo mwenyewe. Jioni moja mgeni alikuwa njiani kuja, maji yamekatika, nikaona boneti nipanguse tu lisimtie aibu mwenye gari. Asubuhi jua lilipopiga, boneti zima lilikuwa na mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Mwenye gari hakunigombeza. Alisimama tu akatazama, na ule ukimya wake ninao mpaka leo. Maji kwanza, mkono baadaye. Na ndoo ziwe mbili, moja ya shampuu, moja ya kusuuzia sponji, vinginevyo unarudisha mchanga ulioutoa.

Sabuni ya unga iacheni kwenye nguo. Inang'oa waksi yote. Waksi kwa gari ni kama deheni kwa jahazi, ile chokaa na mafuta wanayopaka watu wa pwani: ikiisha, mbao ndizo zinazolipa. Sisi tupo karibu na ikweta, tena juu, mji huu uko kama mita 1,400, na jua linapausha faiba mpaka ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe. Pakeni waksi kivulini, bati likiwa limepoa. Maji pia msiyaache yakaukie juani. Ya kwetu yana madini, yanaacha madoa ambayo baadaye hayatoki kwa kitambaa.

Halafu kuna dizeli. Najua wengi wenu mkimaliza kuosha mnapuliza dizeli au oili chafu chini ya gari, na mwenye gari anafurahi kuona panang'aa. Naombeni tuiache. Mafuta hayo yanalainisha bushi na mipira mpaka inavimba, na safari ya kwanza tu vumbi lote linanasa pale. Mipira ya paa na milango ipakeni grisi ya silikoni, kidogo, kwa kidole. Na mashine ya presha isielekezwe kwenye mipira hiyo wala kwenye bearingi za magurudumu.

Turubai sasa, maana hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Turubai la pamba halitaki sabuni wala presha. Brashi laini, maji baridi, basi. Sabuni inaondoa dawa inayozuia mvua, kisha mgeni analala Ngorongoro kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200, baridi na ukungu, na maji yanamdondokea usoni. Likiwa jipya, lilowesheni na kulikausha mara mbili tatu kabla ya safari: nyuzi za pamba zinavimba na kuziba matundu ya sindano kwenye mishono. Na kamwe hema lisikunjwe bichi likaachwa. Siku mbili zinatosha kuvu kuota, na yale madoa meusi huyatoi, wala ile harufu. Hata kama gari limerudi saa mbili usiku mvua inanyesha, lifungueni chini ya banda.

Neno moja kuhusu gari linalokwenda, siyo linalorudi. Gugu karoti limejaa pembezoni mwa barabara zetu hapa Arusha. Mbegu zake ni ndogo sana, zinasafiri ndani ya tope la matairi. Likishika malisho, ng'ombe wanakosa majani, na mtu analipogusa ngozi inawasha. Tukipeleka tope hilo hifadhini, tumelipanda sisi. Kwa hiyo madigadi na chini ya gari vioshwe kabla ya safari pia, hata kama juu panang'aa.

Gari lililoko uwani limerudi Natron jana jioni, na nimeomba lisiguswe. Tutaanza chini, kwa maji matupu. Wenye viatu vya mvua tangulieni, na kila mmoja wenu ayakinge yale maji kwa vidole vyake mwenyewe.