Programu ya Kuhariri Picha Ichaguliwe kwa Kazi Nzima: Mhadhara kwa Wapiga Picha wa Mbeya

Ndugu mwenyekiti, wapiga picha wenzangu mliotoka Iringa, Njombe, Tukuyu na hapa hapa Mbeya mjini, nawashukuru kwa mwaliko.

Nimeombwa nizungumzie programu ipi ya kuhariri picha inamfaa mtu anayeishi kwa kamera yake. Swali hili huulizwa kana kwamba programu hizi ni timu za ligi, za kupangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Sitalijibu hivyo, kwa sababu programu zote kubwa za leo zinaweza kuipa picha moja mwanga na rangi za kumridhisha mteja. Tofauti zake hujitokeza pale picha zinapokuwa elfu moja na mia tano, umeme umekatika, au mteja yuleyule amerudi baada ya miaka mitano kuomba albamu ya pili.

Tuanze na hesabu. Harusi inayoanza asubuhi kwa maandalizi ya bibi harusi kule Uyole na kuishia usiku ukumbini Mwanjelwa huweza kuzaa picha 1,500. Ukitumia dakika 2 kwa kila picha, umejitwisha kazi ya saa 50. Ukichambua kwanza ukabakiwa na 400, kazi hiyo inashuka hadi saa 13 na ushei. Muda mwingi, basi, huokolewa katika kuchambua, na programu inayokawia sekunde 3 kufungua kila picha imekula zaidi ya saa nzima kabla hujagusa rangi. Photo Mechanic, programu ya kupekua na kuchagua picha, ilijijengea jina kwa wapiga picha wa habari kwa sababu hiyo: badala ya kulisoma faili zima la RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoipokea, huonyesha ile JPEG, picha iliyokwisha kutengenezwa na kubanwa, ambayo kamera yenyewe imeipachika ndani ya faili, na kupekua kunakwenda haraka hata kwenye kompyuta ya wastani.

Nazungumza kana kwamba wote humu mnapiga RAW. JPEG huhifadhi viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 huhifadhi 16,384. Katika picha iliyopigwa kivulini kwa utulivu huenda usione tofauti, lakini msimamishe bwana harusi mwenye suti nyeusi kwenye jua la saa saba mchana, kando ya gauni jeupe, au mpige ukumbini chini ya taa za zambarau ambazo wapambaji wetu wanazipenda mno, kisha ujaribu kuirudisha rangi ya uso wake; JPEG itakuachia mabaka. Hizo ndizo picha za kujaribia programu, wala si zile za kwenye tangazo. Lightroom Classic, Capture One na DxO PhotoLab hutoa muda wa kujaribu bila malipo, na darktable na RawTherapee ni za bure kabisa. Kila moja husoma rangi za kamera kwa namna yake, hivyo faili lilelile hufunguka na sura tofauti. Kwa jicho langu Capture One huifikia rangi ya ngozi zetu mapema kuliko nyingine, ingawa anayekwenda Ruaha kupiga wanyama alfajiri kwa ISO ya juu, yaani kamera ikiongezewa unyeti wa mwanga, atanufaika zaidi na DxO, ambayo tangu mwaka 2020 ina DeepPRIME ya kuondoa chenga, vile vidoadoa vya picha zilizopigwa penye mwanga hafifu, mradi kompyuta yake iwe na kadi ya michoro yenye nguvu.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, ambalo muuzaji hatakwambia. Programu hizi haziligusi faili la asili. Kila unachofanya huandikwa kama maagizo: ongeza mwanga, punguza kijani, kata pembeni. Je, maagizo hayo yanakaa wapi? Lightroom Classic huyaweka katika katalogi, yaani hifadhidata moja, na ukitaka yaandikwe pia katika faili la XMP, yaani faili dogo la maagizo lililo kando ya kila picha, sharti uiamuru; darktable huandika XMP yake kando ya picha bila kuombwa; Capture One hukupa hiari ya katalogi au seshoni, ambayo ni folda moja inayobeba picha pamoja na maagizo yake. Kwa harusi napendelea seshoni, kwani kazi moja inakuwa folda moja, nayo unaweza kuihamishia kwenye diski ya nje au kumkabidhi msaidizi wako bila kuvuruga kazi nyingine.

Waliotumia Aperture ya Apple wanaujua uzito wa swali hilo. Ilitoka mwaka 2005. Mwaka 2014 Apple ikatangaza kuacha kuiendeleza, na mfumo wa Mac uliotoka mwaka 2019 haukuweza tena kuiendesha. Picha za asili zilisalimika, lakini maagizo ya programu moja kwa sehemu kubwa hayasomeki katika nyingine: nyota ulizozipa picha na maneno ya utambulisho huhama, marekebisho ya mwanga na rangi hubaki nyuma. Kwa hiyo kila picha unayomkabidhi mteja itoe pia kama TIFF ya biti 16, faili la picha linalohifadhi ubora bila kuubana kama JPEG, au angalau JPEG ya ukubwa kamili, uihifadhi pamoja na RAW yake.

Katalogi nayo ina hatari yake penye umeme wa kukatika, kwa kuwa hifadhidata inayozimikiwa ikiwa inaandikwa huweza kuharibika. Mwenye kompyuta ya mezani asiyekuwa na UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, ashughulikie hilo kabla ya programu. Kuhusu intaneti nitasema kwa kifupi. RAW ya megapikseli 24 ikiwa na takriban MB 30, harusi yetu ya picha 1,500 inafika GB 45, na kuzipandisha zote wingu, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni, kila wiki kutakula bando kubwa. Tangu mwaka 2017 Adobe ina programu mbili zenye majina yanayochanganya. Lightroom imejengwa juu ya hifadhi ya wingu, Lightroom Classic imejengwa juu ya diski yako. Inayotufaa huku ni ya pili.

Tatizo la Adobe ni malipo. Huja kila mwezi au kila mwaka, ilhali harusi zetu hujaa baada ya mavuno na mwezi wa Desemba, kisha hukauka wakati wa Kwaresima. Usipolipa, Lightroom Classic itakuruhusu kutazama na kutoa picha, ila chumba cha kuhariri kitafungwa. Najua wapo humu wanaolikwepa hilo kwa nakala zilizovunjwa leseni. Mbali na uhalali wake, nakala hizo hazipati masasisho ya kawaida, kwa hiyo RAW ya kamera mpya huenda isifunguke, na aliyeivunja anaweza kuwa ameweka virusi ndani yake, kwenye mashine yenye picha za familia za watu. Kwa asiye na bajeti ningemshauri darktable, ambayo ni ngumu kujifunza, tena ngumu kwelikweli, lakini haimdai mtu.

Anayehama asihamishe kazi za zamani. Azimalizie katika programu zilikoanzia. Achukue harusi moja iliyokwisha kukabidhiwa, aihariri upya yote kwa programu mpya huku akipima saa, kuanzia kadi inapoingia kwenye kompyuta hadi picha ya mwisho inapotoka, kisha alinganishe na muda anaotumia sasa. Nakaribisha maswali, na naomba tuanze na wenzetu walioketi nyuma.