Kitanda Kilichojaa na Bonasi ya Mkurugenzi

Mabibi na mabwana, wasimamizi wenzangu wa hospitali, mlionisikia hapa Kisumu miaka iliyopita mnajua kwamba nitaanza na bonasi, kwa sababu mkurugenzi wa kampuni ya hospitali hujulikana kwa jambo analowalipa watu wake ili walitafute.

Thomas Frist Mdogo alikuwa daktari aliyelitumikia Jeshi la Anga la Marekani. Mwaka 1968, yeye, baba yake na mfanyabiashara Jack Massey, aliyekuwa ametajirika kwa Kentucky Fried Chicken, walianzisha HCA, kampuni ya hospitali, mjini Nashville. Mwaka 1994 HCA iliungana na Columbia, kampuni nyingine ya hospitali iliyoongozwa na Rick Scott, na chini ya Scott kampuni ikafikisha hospitali zaidi ya 300. Wachunguzi wa serikali walipopekua ofisi zake mwaka 1997, wakifuatilia madai ya bima ya serikali yaliyoongezwa chumvi, Scott alijiuzulu na Frist akarudi kushika usukani. Miongoni mwa hatua zake za mwanzo, alifuta bonasi za fedha za kila mwaka. Scott hakushtakiwa, lakini kampuni ilikiri makosa na hatimaye ikalipa jumla ya dola bilioni 1.7.

Kwa nini nang'ang'ania bonasi? Nilipokuwa msimamizi katika hospitali moja ya magharibi mwa Kenya, mama aliyejifungua aliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya Alhamisi. Jumatatu nilimkuta bado ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto amemfunika kwa leso, nguo zimekunjwa ndani ya beseni, akimngoja kaka yake auze ndama, kwa kuwa bawabu aliagizwa asimpitishe bila risiti ya keshia. Jioni hiyo nilitia sahihi ripoti iliyosema kwamba wodi ya uzazi imejaa, na wodi ikijaa sisi wakubwa tulipata bonasi. Mwaka 2015, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kulikiuka haki zao, nililiona tena lile beseni.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba oksijeni hainunuliwi kwa huruma, na kwamba malipo ya bima yakichelewa mishahara nayo huchelewa. Ni kweli kabisa, na Frist hakuigeuza HCA kuwa shirika la hisani. Iliendelea kutafuta faida. Alichokataa ni kumfanya msimamizi aangalie mfuko wake kila anapopita wodini. Aliondoa pia hisa za madaktari katika hospitali walizopelekea wagonjwa, jambo linalostahili mhadhara wake, lakini muda umenitupa mkono.

Basi bodi zenu zikikaa kupanga bonasi za mwaka ujao, dai kwamba ripoti ya vitanda imtenganishe mgonjwa anayetibiwa na yule aliyeruhusiwa akazuiliwa, na kwamba huyo wa pili aandikwe kwa idadi ya siku alizozuiliwa, katika ukurasa wa kwanza.